Mafaili Yote kwa Mama Masjala

Mama Masjala alitembea kama mtu aliyebeba sufuria ya maziwa iliyojaa hadi ukingoni, hata siku ambazo mikono yake ilikuwa mitupu. Kutoka mlango wa masjala hadi mlango wa Meneja ni hatua ishirini. Yeye alizifanya arobaini. Mtu akija mbio kwenye korido, alijibana ukutani, akamwacha apite, kisha akasema kwa sauti ya kumsikitikia, "Huyo amesahau kitu." Na kweli, baada ya muda mfupi mtu huyo alirudi mbio vilevile, akitafuta alichosahau.

Ofisi yetu ilikuwa ya chama cha ushirika cha wakulima wa mbaazi na alizeti: jengo refu, jembamba, lenye bati jekundu, kando ya barabara ya kwenda Bonga. Asubuhi ukifungua dirisha la nyuma uliona Mlima Kwaraa umejifunika wingu hadi kichwani, kama mtu aliyeamshwa akakataa. Masjala ilikuwa chumba cha kwanza kushoto. Kwa asiyezijua ofisi zetu, masjala ndicho chumba ambamo barua zote huingilia na mafaili yote hulala. Barua ikija inagongwa muhuri, inapewa namba, inafungwa kwenye faili, na faili linapelekwa kwa anayehusika. Akishaandika dokezo lake, faili linarudi masjala, ndipo liende kwa mwingine. Kila mara linarudi. Mafaili yetu yalikuwa kama ng'ombe: yalikwenda malishoni mchana na jioni yakarudi zizini, na Mama Masjala alisimama mlangoni akiyaangalia kama hayajachechemea.

Wanawake wengine pale kazini waliitwa kwa majina ya watoto wao. Yeye aliitwa kwa jina la chumba. Ukimuuliza ana watoto wangapi, alikujibu bila kucheka, "Wanne, na Masjala."

Kwenye korido ilining'inia chati ya muundo wa chama. Juu kabisa, mstari mmoja, Mwenyekiti na Meneja. Chini yao wakuu wa idara watatu. Chini yao maofisa. Fundi wa Bagara aliyetengeneza fremu alipima kwa macho, na macho yake siku hiyo hayakufanya kazi nzuri. Fremu ikawa fupi. Badala ya kutengeneza nyingine, alikunja karatasi kwa chini na kuibana kwa nyuma kwa misumari midogo. Mstari uliokunjwa ulikuwa ule wa mwisho: masjala, dereva na mlinzi. Wageni walioisoma chati yetu waliamini kwamba chama hakina mlinzi, na mmoja alimuuliza mlinzi mwenyewe kama haogopi wezi.

"Mimi niko nyuma ya maofisa wa Uzalishaji," mlinzi alipenda kusema. "Nimebanwa kwa msumari."

Mama Masjala hakuchekea jambo hilo. Kila Ijumaa aliifuta vumbi fremu ile, na alipofika chini alipitisha kitambaa mara mbili.

Namna yake ya kupanga mafaili haikufundishwa chuo chochote. Wanachama wawili waliogombania mpaka wa shamba hakuwaweka rafu moja. "Watasumbuana," alisema. Ndugu walioelewana aliwaweka bega kwa bega. Mkorofi alifungwa kamba ya kitenge. Mwanachama akifariki, faili lake alilihamishia rafu ya juu, karibu na dirisha, ambako jua la asubuhi lilifika. Mkaguzi mmoja alimuuliza huo ni utaratibu gani. "Mtafute mtu yeyote," Mama Masjala alimwambia. Mkaguzi akataja jina. Kabla hajafunga mdomo, faili lilikuwa mkononi mwake, na pamoja nalo taarifa kwamba mtu huyo jana aliuza ndama.

Hakupenda umbea, na hili alilisema mara nyingi, katikati ya umbea. "Mimi sisengenyi. Ninajulisha." Barua zilizoandikwa SIRI alizisoma zote, kwa utulivu, akiwa amevaa miwani. "Nisiposoma nitajuaje kwamba ni siri?"

Na kompyuta hakuzitaka hata kidogo, ila alikuwa kiongozi wa makundi matatu ya WhatsApp: la kwaya, la jumuiya na la majirani wa Maisaka. Aliyatawala kwa mkono wa chuma. Mtu aliyetuma picha ya maua yenye maneno ya asubuhi njema alionywa mara moja. Mara ya pili aliondolewa. Padri aliwahi kuondolewa. Alirudishwa jioni, baada ya kueleza.

"Lakini mama, simu nayo ni kompyuta," nilimwambia siku moja.

"Simu ni watu, mwanangu. Hiyo yako ni kabati lenye umeme."

Kabati lenye umeme lilikuwa langu kwa sababu mimi ndiye niliyeajiriwa kuwa ofisa mifumo. Barua yangu ya ajira ilisema nimekuja "kuboresha mtiririko wa taarifa ndani ya taasisi." Haikusema kwamba mtiririko ule ulikuwa na jina, na ulikuwa na goti bovu, na ulikunywa chai ya maziwa saa nne kamili. Niliipeleka masjala siku ya kwanza. Aliisoma yote, akaigonga muhuri, akaipa namba.

"Karibu. Utaboresha mtiririko," alisema. "Ila anza kwa kuvua viatu, nimepiga deki."

Kwa miaka mitatu hakuna kilichoboreshwa, na tuliishi vizuri. Kisha chama kikaamua kununua mfumo. Mtaalamu alikuja kutoka Arusha na tai nyembamba na maneno manene. Alituambia kwamba ngazi za ofisi yetu ni nyingi mno, kwamba dunia nzima inabomoa ngazi, kwamba barua haina sababu ya kupita mikono saba wakati inaweza kuruka. Wakuu wa idara walipiga makofi, kila mmoja akiamini ngazi itakayobomolewa ni ya mwenzake.

Mama Masjala alikuwa amebakiza mwaka mmoja na miezi kadhaa astaafu. Aliniita pembeni baada ya kikao.

"Hiyo kitu ikija, masjala inabaki?"

"Sijui, mama."

"Mimi sitaki makubwa. Nataka kumaliza humu ndani. Siku ya mwisho ninywe chai yangu humu, nifunge mlango, niende nyumbani. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Basi hiyo mashine uiambie hivyo."

Na mimi, bila kukusudia, niliiambia zaidi ya hivyo. Mtaalamu alinipa kazi ya kuuliza kila mfanyakazi swali moja: ukimaliza na faili, unalipeleka kwa nani? Nilizunguka na daftari. Nilimuuliza ofisa wa mbegu. "Kwa Mama Masjala." Nilimuuliza mkuu wa idara ya Masoko. "Kwa Mama Masjala, kwani wewe mgeni?" Nilimuuliza Meneja. Alijibu bila kuinua macho, "Kwa Mama Masjala." Nilimpigia simu Mwenyekiti, aliyekuwa shambani kwake, akanijibu juu ya kelele za trekta kwamba yeye hana wa kumpelekea, yeye ndiye wa mwisho. Halafu akafikiri kidogo. "Ila nikishasaini, narudisha kwa Mama Masjala."

Niliandika kama nilivyoambiwa. Mtaalamu naye aliingiza kama nilivyoandika, maana alikuwa na haraka ya kurudi Arusha. Aliondoka na nywila kuu kichwani mwake na ahadi ya kurudi baada ya majuma matatu.

Jumatatu mfumo ukawashwa. Tulimwekea Mama Masjala kompyuta mezani. Alitandika kitambaa cha kufuma juu yake, kisha akakifunua kidogo kama anayechungulia mtoto mchanga. Kwenye kioo kulikuwa na vitufe viwili: cha kijani, Idhinisha, na chekundu, Rudisha. Chini yake palikuwa na orodha ya mambo yaliyokuwa yakimsubiri. Orodha ilikuwa na kila kitu. Maombi ya mafuta ya gari. Mkataba wa magunia. Hotuba ya Mwenyekiti. Likizo ya Meneja.

Mfumo ulikuwa umetusikiliza kwa makini na kuelewa jambo moja: hapa bosi ni Mama Masjala.

"Nifanye nini sasa?" aliniuliza.

"Ukiona iko sawa, kijani. Ukiona haiko sawa, nyekundu, halafu andika sababu."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Alivaa miwani.

Saa nne na nusu Meneja alitokea mlangoni na simu mkononi. Alikuwa mtu mwema, mnene kidogo, ambaye siku alipopewa cheo aliacha kusema shikamoo kwa mtu yeyote ndani ya jengo, kana kwamba cheo kilimwongezea miaka.

"Mama Masjala, habari. Likizo yangu imekataliwa."

"Haijakataliwa. Imerudishwa."

"Imeandikwa hapa: 'Mbaazi zinaingia mwezi huu, unakwenda likizo gani?'"

"Ndiyo. Unakwenda likizo gani?"

"Mama, mimi ndiye Meneja."

"Najua, baba. Siku unaomba kazi nilikupa namba ya faili mimi. Uliandika barua bila tarehe, nikakuwekea."

Meneja alinitazama. Nilitazama kompyuta. Kompyuta haikutazama mtu. Nilimweleza kwamba nywila iko Arusha, na aliyekwenda nayo hapokei simu. Meneja akapunguza kimo.

"Shikamoo, mama," alisema hatimaye.

"Marahaba. Omba mwezi ujao."

Hayo ndiyo majuma niliyocheka kuliko yote katika maisha yangu ya kazi. Hotuba ya Mwenyekiti ilirudishwa na neno moja: "Ndefu." Akaipunguza. Ikarudishwa tena: "Bado." Mkuu wa Masoko, aliyezoea kuwatumia maofisa wake maagizo ya mistari miwili, alirudishiwa agizo lenye sababu: "Huku si kuongea na watu." Dereva aliomba mafuta akaanza kwa kuulizia goti la Mama Masjala, na aliidhinishiwa kabla hajatoka kwenye kiti. Kufikia Ijumaa kila mwenye ombi alilianza kwa shikamoo, na mfumo wetu, uliobuniwa ili maneno yapungue, ulijaa salamu za familia hadi za mifugo.

Na kazi zilikwenda. Hilo nalisema nikiwa sina budi. Hakuna barua iliyopotea, hakuna gari lililotumwa mara mbili njia moja. Alikuwa na goti bovu, vitufe viwili na kumbukumbu ya miaka yote ile, na chama kizima kilizunguka hapo.

Ila huko Arusha Mtaalamu alikuwa akiandika ripoti yake. Ilifika kwa Meneja katika juma la pili. Ilisema masjala haihitajiki tena, chumba kitumike kama stoo, na mhusika ahamishiwe ghala la Bonga akasimamie mapokezi ya mizigo. Meneja hakufurahi, hilo nalo naliamini. Aliandika barua ya uhamisho. Na kwa kuwa barua zote sasa zilipita kwenye mfumo, na mfumo ulipitisha kila kitu kwa mtu mmoja, barua ya kumwondoa Mama Masjala ilimfikia Mama Masjala aiidhinishe.

Nilikuwa chumbani siku hiyo, nikibadilisha waya. Niliona mgongo wake ukinyooka. Alisoma. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaivaa, akasoma tena. Kisha akabonyeza nyekundu.

Sababu: "Cheo changu kimekosewa."

Meneja alirekebisha. Ilirudi baada ya saa moja. Nyekundu. "Hakuna nakala kwa Mwenyekiti." Ikarekebishwa. Nyekundu. "Tarehe ya kuripoti ni Jumapili. Jumapili nina kwaya."

Ofisi nzima ilijua. Watu walipita mlangoni wakijifanya wanakwenda chooni, na choo kiko upande wa pili. Mlinzi aliacha geti akaja kusimama dirishani. Ilipofika mara ya nne ilikuwa saa tisa alasiri. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kuanzia namba ya kumbukumbu hadi jina la mwisho. Alirudi juu akasoma tena. Nilimwona akitafuta. Akatafuta kama mtu anayepekua gunia la mbaazi akiomba akute jiwe.

"Mama," nilimnong'oneza, "bonyeza nyekundu. Mtaalamu haji hadi juma lijalo, na pengine hata asije. Rudisha."

"Niandike nini?"

"Chochote."

Alinigeukia. Hakuwa na hasira, alikuwa na mshangao, kama vile nimevaa viatu juu ya sakafu iliyopigwa deki.

"Mwanangu, 'chochote' ni sababu?"

Akabonyeza kijani.

"Iko sawa," alisema. "Barua ikiwa sawa, inapita."

Kisha aliniomba nimchapishie nakala. Akaigonga muhuri, akaipa namba, akaitoboa, akaifunga kwenye faili lake mwenyewe, akapanda kigoda na kuliweka rafu ya juu, karibu na dirisha.

"Mama, hiyo si rafu ya marehemu?"

"Ndiyo yenye hewa nzuri," alisema, akashuka kwa kushika bega langu.

Alihamia Bonga Jumatatu iliyofuata. Mtaalamu alirudi, akarekebisha, na ngazi zikabomolewa kweli. Sasa kila mtu aliweza kumwandikia kila mtu. Mlinzi aliomba betri za tochi moja kwa moja kwa Mwenyekiti, na Mwenyekiti, aliyefurahi kuombwa kitu anachokielewa, alimwidhinishia betri arobaini. Wakuu wa idara, ambao hapo awali walipokea mafaili kwa mpangilio, kubwa kwanza, la kusubiri chini, sasa walipokea vyote kwa pamoja vikilia kengele. Wakavisukuma vyote kwa Meneja. Mambo mengi yalikimbia, na korido haikuwa na mtu wa kusema yamesahau nini.

Kilichosahaulika kilijitokeza siku ya mkutano mkuu. Chama kilikuwa na wanachama wawili wenye majina matatu yaleyale. Mama Masjala aliwatofautisha kwa urahisi: mmoja alimwita Paulo Mpole, mwingine Paulo wa Mawe, kwa sababu aliwahi kuchanganya mawe kwenye gunia la mbaazi. Mfumo uliwaona, ukafikiri ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili, ukawaunganisha. Chama kiliandaa zawadi ya mkulima bora na barua ya kumfukuza mdanganyifu. Vyote vilitoka siku moja.

Meneja aliniingiza kwenye gari tukaenda Bonga. Tulimkuta Mama Masjala ndani ya ghala, ameketi kwenye gunia, na magunia yote yamepangwa kwa namna ambayo nilianza kuielewa: ya waliogombana yaliwekwa mbali.

"Shikamoo, mama," alisema Meneja kabla hajavuka kizingiti.

"Marahaba. Mmepoteza nini?"

Meneja alieleza akitazama viatu vyake.

"Ngoja," Mama Masjala alisema. "Barua ya kufukuzwa amepata nani?"

"Mpole."

"Mungu wangu. Na zawadi?"

"Wa Mawe. Amepewa jembe la kukokotwa na ng'ombe mbele ya mkutano wote. Na ametoa hotuba."

"Ilikuwa nzuri?"

Meneja alisita. "Nzuri sana. Ilihusu uaminifu. Kuna watu walilia."

Mama Masjala alijifunika uso kwa kitenge, na mabega yalianza kutetemeka. Nilidhani analia naye. Alikuwa akicheka hadi akashuka kwenye gunia. Alipopata pumzi alimwambia Meneja aende kwa Mpole kwa miguu yake mwenyewe, asitume ujumbe, na asile chochote kabla ya kuomba radhi. Jembe aliache kwa wa Mawe. "Akishalisikia lile jembe likimsema kila asubuhi, atatosheka."

"Rudi ofisini, mama," Meneja alisema. "Nitaandika barua."

"Andika. Ikiwa sawa itapita."

Aliandika. Nilikuwa pale nikimsaidia, siku tatu. Mfumo ulikataa. Kwenye nafasi ya kituo cha kazi tuliandika Masjala, na kila mara ulijibu kwamba hakuna kituo chenye jina hilo. Mtaalamu alikifuta alipobomoa ngazi, na kukirudisha kulihitaji mkataba mpya, na mkataba mpya ulihitaji kikao, na kikao kilihitaji kumbukumbu za kikao kilichopita, ambazo hakuna aliyejua ziko wapi isipokuwa mtu mmoja, Bonga. Tulimpigia simu. Alitwambia rafu ya tatu, nyuma ya faili la kijani. Zilikuwepo. Kikao hakikufanyika.

Alimalizia muda wake ghalani. Siku ya mwisho alikunywa chai yake juu ya gunia. Lakini namba yake ya simu ilibandikwa kwenye kila meza ya ofisi yetu, na kwa mwaka ule wote hapakuwa na siku ambayo simu ile haikuita. Mfumo ulionyesha kwamba taarifa zinaruka kutoka kwa mtu hadi mtu bila kupita popote. Zilipita Bonga.

Mwezi uliopita Meneja alinituma kwake Maisaka. Kilichopotea safari hii ni mkataba wa kiwanja cha ofisi yenyewe. Nilimkuta uani, miwani puani, akimwondoa mtu kwenye kundi la majirani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Vua viatu, uingie."

Nilivua, nikaingia. Na ukutani, juu ya makochi yenye vitambaa vya kufuma, ilikuwepo chati ya muundo wa chama. Nilikumbuka kwamba tulipopaka rangi korido, chati ilitupwa nje pamoja na viti vibovu, na kwamba jioni yake haikuwepo. Fremu ilikuwa ileile ya fundi wa Bagara. Lakini karatasi ilikuwa imekunjuliwa chini, na mstari wa mwisho ulionekana wote, mweupe kuliko sehemu nyingine kwa sababu haukuwahi kupigwa na jua: masjala, dereva, mlinzi. Kutoka hapo mistari ilipanda kwa maofisa, ikapanda kwa wakuu wa idara, ikapanda zaidi, ikafika kwenye ubao wa fremu ikaishia hapo.

Niliangalia vizuri.

"Mama, Mwenyekiti na Meneja wako wapi?"

"Wako nyuma," alisema, akimimina chai. "Fremu ni fupi, mwanangu. Lazima mtu akunjwe."

Akanisogezea kikombe.

"Mkataba uko kulekule masjala, rafu ya juu, karibu na dirisha, ndani ya faili langu. Nilijua mtakuja kuuliza."